Fosforasi na kalanga: mbona majani yamejaa na maganda ni matupu?

#1 MwanaKatuba

Jambo yenu wote. Nina swali, na nina hasira kidogo, mnivumilie.

Tuna shamba la familia barabara ya Kasenga, kama kilomita 45 kutoka Lubumbashi. Udongo mwekundu, ule unaopaka viatu hadi soksi. Mama amelima kalanga pale tangu nikiwa mtoto, bila mbolea hata chembe. Msimu huu nikajifanya msomi. Nilikuwa nimesoma kwamba kwenye nchi kavu, Niger, Senegal, kusini mwa India, kinachoibana kalanga si azoti (naitrojeni) bali ni fosforasi, na ukiipa hata kidogo mavuno yanapanda. Nikanunua mifuko miwili ya NPK 10-20-10 (mbolea ya azoti, fosforasi na potasi), ile inayoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, nikaimwaga kwenye nusu hekta. Nusu hekta nyingine nikamwachia mama alime kama anavyojua.

Majani ya upande wangu yalifunga mistari, kijani kile cha kukolea. Majirani walikuwa wanasimamisha baiskeli kuuliza nimeweka nini. Jumamosi tuling'oa mashina machache ili tuonje. Mama akashika ganda, akalibana kwa vidole, likalia pwaa. Tupu. La pili tupu. La tatu lina mbegu moja iliyonyauka kama sikio la panya. Upande wake maganda ni machache, lakini ukipasua unakuta mbegu zimebanana.

Mama hakusema kitu. Alicheka tu, na kicheko kile ndicho kimenileta hapa. Fosforasi ni uongo wa vitabu, ao mimi ndiye niliyekosea?

#2 SombeNaKalanga

Pole. Mama asiposema kitu, amesema vyote.

#3 FundiUdongo

Fosforasi haijakudanganya, ila umeituma kazi ambayo si yake.

Kalanga ina tabia ambayo mahindi hayana. Ua likishachanua juu, kinatoka kikonyo kama sindano, kinashuka na kuchoma udongo, na ganda linafanyika huko chini gizani. Sasa lile ganda, kalsiamu yake hailetewi na mizizi. Kalsiamu ikipanda na maji hadi kwenye majani haishuki tena. Ganda linajinywea lenyewe kutoka kwenye udongo unaoligusa, sentimita zile chache za juu. Udongo huo ukiwa maskini wa kalsiamu, mmea unakuwa mzuri, maua tele, maganda tele, na ndani hewa. Ndicho ulichokiona.

Halafu angalia ulichomwaga. 10-20-10 ina azoti, ambayo kalanga inajitengenezea yenyewe kwa vinundu vya mizizini. Ukiipa ya bure inafanya uvivu, inaota majani. Ina potasi pia, na potasi ikijaa pale maganda yanapokaa inagombana na kalsiamu mlangoni. Kalsiamu yenyewe ndani ya mfuko ule karibu hakuna.

Jaribu hivi: chukua mbegu zilizojaa za upande wako, zipasue katikati, utazame ule mche mdogo ulio ndani. Ukiwa mweusi ao kahawia, ni njaa ya kalsiamu. Rudi utuambie.

#4 BaKasumbalesa

Ngoja kwanza. Kabla ya kalsiamu na mapotasi, ule mfuko ulikuwa umeshonwa na mashine ao kwa mkono? Mie naishi mpakani, naona. Mfuko unaingia mzima, unafika sokoni umefunguliwa, unapimwa kwa meka, kile kikopo cha kupimia, kilichobaki kinachanganywa na kitu kingine na kushonwa tena kwa uzi wa gunia. Uzi wa mashine ni mweupe na unafunguka ukivuta upande mmoja tu.

#5 MwanaKatuba

@BaKasumbalesa mmoja ulishonwa vizuri. Wa pili nilinunua umefunguliwa, yule papa aliniambia kwamba umepasuka ndani ya kamyo. Sasa unaniogopesha.

@FundiUdongo nitapasua nikienda Jumamosi.

#6 MamaWaRwashi

Jambo batoto. Mie siko msomi. Kwetu ku Kasenga bamama banachimba udongo ya kichuguu, banaponda, banamwanga mu mistari mbele ya mvua kunyesha. Hakuna angre, ile mbolea ya kununua, hakuna nini. Ile udongo iko na nguvu. Mwaka moja bwana yangu alikatala, alisema ni kazi ya bule, ni mizigo tu. Tulivuna matupu sawa vile unasema. Mwaka wenye kufwata alibeba udongo yeye mwenyewe, tena bila kuomba.

#7 SombeNaKalanga

"Tena bila kuomba" 😂 Mama, nyumba hiyo nani mkubwa?

#8 FundiUdongo

Mama wa Rwashi amefupisha darasa zima. Vichuguu vyetu vya Katanga, vile vikubwa unavyoviona hadi ndani ya mji, vimejengwa kwa udongo uliotolewa chini. Mara nyingi asidi yake ni ndogo kuliko ya udongo wa pembeni na kalsiamu ni nyingi. Watu wanajua tu kwamba vinatoa matofali mazuri.

#9 MkongoNiamey

Salamu kutoka Niamey, Niger, nina miaka sita huku. Nataka kumtetea MwanaKatuba, na kumsahihisha pia.

Kweli, huku Sahel fosforasi ndiyo mlango. Udongo ni mchanga, ukiuchota unapita kati ya vidole kama sukari. Kuna kituo cha ICRISAT, shirika la utafiti wa mazao ya nchi kavu, pale Sadoré, kusini ya mji, na wamelisema hilo kwa miaka mingi: maji ni machache, lakini mara nyingi mmea unakosa fosforasi kabla haujakosa maji. Ukiwa na fosforasi mizizi inashuka mapema, na maji yale machache yanatumika vizuri zaidi. Ni huku pia ambako wakulima wanapima mbolea kwa kifuniko cha chupa ya soda, gramu kama 6 kwa shimo moja la mtama, badala ya kumwaga shamba zima.

Lakini mbolea ambayo watu walikuwa wanaweka kwenye kalanga, hasa Nigeria kaskazini, kwa sehemu kubwa ni supafosfeti ya kawaida. Ile si NPK. Na kwetu Lubumbashi si nchi kavu namna hii! Nyie mnapata milimita kama 1,200 kwa mwaka. Huku magharibi ya Niger tukipata 500 tunapika mbuzi. Umechukua dawa ya mgonjwa mwingine, kaka.

#10 KijanaWaUNILU

Kuongeza kwa @MkongoNiamey: supafosfeti ya kawaida ina fosforasi 18%, na ile ya mara tatu (TSP) ina 46%. Kwa hiyo bora TSP, mfuko mmoja unafanya kazi ya miwili na nusu. Usafiri pia unapungua.

#11 FundiUdongo

Kijana, masahihisho mawili.

La kwanza: 18 na 46 si fosforasi, ni P2O5, yaani fosforasi ikiwa imeungana na oksijeni. Ni namna ya zamani ya kuhesabu iliyobaki kwenye mifuko. Ukitaka fosforasi yenyewe zidisha kwa 0.44. Mfuko wa kilo 50 wa supafosfeti ya 18 una kilo 9 za P2O5, yaani fosforasi kama kilo 4 tu. Vitabu vingine vinaandika P, vingine P2O5, na mkulima asiyejua anaweka mara mbili ya inayotakiwa ao nusu yake.

La pili, na hili ndilo kubwa: supafosfeti ya kawaida inatengenezwa kwa kumwagia mawe ya fosfeti asidi ya salfa. Yule Mwingereza Lawes alipata hataza yake mwaka 1842. Kinachobaki ndani ya mfuko ni fosfeti pamoja na jasi (salfati ya kalsiamu). Kwa hiyo kalsiamu yake ni karibu 20%, na salfa kama 11 ao 12. TSP inatengenezwa kwa asidi ya fosforasi, salfa karibu haipo, kalsiamu ni pungufu. Sasa mtu akimwaga supafosfeti ya kawaida kwenye kalanga, mavuno yakapanda, akaandika "fosforasi imepandisha mavuno", mimi namuuliza: una uhakika ni fosforasi? Ao ni kalsiamu? Ao salfa?

#12 KijanaWaUNILU

Sawa mkubwa, nimekubali la kwanza. La pili nina neno. Wakitaka kutenganisha wanaweza kuweka TSP upande huu, jasi upande ule, na zote mbili upande wa tatu. Watafiti si wajinga.

#13 FundiUdongo

Sijasema ni wajinga. Nimesema mkulima anayesoma kichwa cha habari hawezi kujua ni mfuko upi uliomwagwa.

#14 MzeeWaLikasi

Nimefanya kazi ya mashamba tangu enzi za Zaire, nimestaafu, sasa naona nyote mnarukia ganda na kuacha udongo.

Udongo mwekundu wa Katanga unaitwa mwekundu kwa sababu ya chuma. Una chuma na alumini nyingi, na una asidi. Ukimwaga fosforasi juu juu, chembe kwa chembe, ile chuma inaikamata kama askari wa barabarani anavyokamata teksi, na haiiachi. Hata kwenye udongo mzuri, mmea wa mwaka wa kwanza unapata sehemu ndogo tu ya fosforasi uliyoweka, kama 10 hadi 20 kwa mia. Kwetu usitegemee zaidi. Ndiyo maana tulikuwa tunafundisha: usimwage. Chimba mfereji, weka mbolea chini kidogo na pembeni ya mbegu, funika. Sehemu moja ikijaa, ile chuma inashiba, kinachobaki ndicho cha mmea.

Kijana wetu anasema "nikaimwaga". Hapo nusu ya mfuko imekwenda kulisha mawe.

Na chokaa inahitajika, lakini jueni ni chokaa gani. Mawe yako Kakontwe, hapa kwetu Likasi, yanachimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Ile ya kuchomwa, ya wajenzi na ya viwanda, ni kali, inaunguza mikono na itaunguza mbegu. Shambani unataka jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa, na uliweke mapema, wiki kadhaa kabla ya kupanda.

#15 BaKasumbalesa

Mzee, jirani yangu aliweka ile ya kupaka ukuta. Kalanga hazikuota. Kuku aliyepita pale alitembea kwa vidole.

#16 RafikiWaMigodi

Swali la pembeni. Viwanda vyetu vya shaba na kobalti vinatumia asidi ya salfa kamyo kwa kamyo. Supafosfeti inataka asidi ya salfa na mawe ya fosfeti. Asidi tunayo, salfa tunayo, tunakosa mawe tu. Mbona hakuna mtu anayetengeneza hapahapa?

Na ninyi mnaotaja salfa kana kwamba Lubumbashi inaikosa, mnatania. Wazee wetu waliinywa bure kutoka kwenye bomba la moshi la kiwanda cha shaba tangu 1911! Upande ule upepo unakopeleka moshi hata miti ilikufa.

#17 SombeNaKalanga

Ndiyo mbolea ya kwanza iliyogawiwa bila ubaguzi.

#18 KijanaWaUNILU

@RafikiWaMigodi usicheke sana, ule udongo una shaba na vyuma vingine, usilime chakula hapo. Kuhusu mawe: jirani yetu Tanzania anayo Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Na mawe ya fosfeti yakisagwa yanayeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi, kama wetu. Kwenye udongo wenye chokaa yanakaa tu kama mawe. Kwa hiyo ile asidi tunayoilaumu ingetusaidia.

#19 MzeeWaLikasi

Umesema vema kijana. Lakini ukiweka chokaa nyingi kwa ajili ya ganda, umeondoa asidi iliyotakiwa kuyeyusha jiwe. Chagua.

#20 DodomaKavu

Habari za huko Kongo. Mimi niko Dodoma, na mkitaja karanga na nchi kavu mnatonesha kidonda. Kongwa ni hapa kwetu. Waingereza walikuja 1947 na matrekta, wakasema watalima karanga za kulisha Uingereza nzima mafuta. Waliwatumia hata wanajeshi waliotoka vitani. Mwaka 1951 wakafunga. Mbolea haikuwa tatizo la kwanza. Udongo wetu mvua ikinyesha unalimika, jua likiwaka unakuwa saruji. Mvua ilikatika, karanga zilikuwa chini, na kuzitoa ilikuwa kama kuchimba barabara ya lami.

Kwa hiyo nauliza MwanaKatuba jambo ambalo hakuna aliyeuliza hadi sasa, na tuko posti ya 20: mvua yako ilikatika lini?

#21 MwanaKatuba

@DodomaKavu swali zuri. Tulipata mvua nzuri Desemba na Januari. Halafu mwishoni mwa Februari jua liliwaka karibu wiki tatu, vumbi kabisa. Ikarudi katikati ya Machi.

#22 DodomaKavu

Basi jibu liko hapo. Wiki tatu kavu wakati maganda yanajaa! Upande wako una majani mengi, yanakunywa maji mengi, udongo umekauka mapema zaidi. Upande wa mama una majani machache, maji yalibaki. Kwetu tunaliona kila mwaka: shamba lililonona ndilo linaloanguka kwanza kiangazi kikibana. Na ukivuna zile zilizokaukia chini, zichambue vizuri, maana ukame wa mwisho wa msimu ndio unaoleta ule ukungu wa sumukuvu.

#23 FundiUdongo

Sikatai, ila hilo halipingani na langu. Kalsiamu inaingia kwenye ganda ikiwa ndani ya maji. Tabaka la juu likikauka, kalsiamu hata ikiwepo haitembei. Ukame na njaa ya kalsiamu ni ndugu wa tumbo moja.

#24 MkongoNiamey

Na fosforasi pia haitembei kwenye udongo mkavu. Inasogea milimita chache tu kwenye unyevu unaozunguka mzizi. Ukiiweka juu na juu kukakauka, umeiweka benki siku ya mgomo.

#25 YayaWaBukavu

Jambo. Bukavu hatulimi kalanga nyingi, sisi ni maharage na soya, na mvua kwetu haiombwi. Ila kwenye soya tulifundishwa kitu kimoja: ng'oa shina likiwa linachanua, usilivute, lichimbe kwa jembe, ulioshe taratibu, halafu upasue vile vinundu vya mizizi kwa kucha. Rangi ya waridi ao nyekundu kama damu, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe ao kijani, ni wageni wanaokula bila kulima. Mmea ukikosa fosforasi vinundu vinakuwa vichache na vidogo. Kaka, uliangalia?

#26 MwanaKatuba

Yaya, sikuangalia. Niliangalia majani tu, nikapiga picha.

#27 SombeNaKalanga

Na ukaweka kwenye "status".

#28 MwanaKatuba

...ndiyo.

#29 MamaWaRwashi

Mutoto, musimuchekee. Wote tunaangaliaka majani. Na ile mbegu, ulipanda mbegu gani? Ya mama yako ao ya kununua?

#30 MwanaKatuba

Mama, hapo naona aibu. Upande wangu nilipanda mbegu kubwa zilizotoka Zambia, punje nzito kama maharage. Mama alipanda zake zile ndogo nyekundu, anaziweka kila mwaka ndani ya kikapu juu ya moshi wa jikoni.

#31 FundiUdongo

Eeeh!! Na hilo unalisema posti ya 30?

#32 KijanaWaUNILU

Kwa hiyo hatujalinganisha mbolea na kutokuwa na mbolea. Tumelinganisha mbolea pamoja na mbegu mpya dhidi ya mama pamoja na mbegu yake. Mbegu kubwa zinahitaji kalsiamu nyingi kuliko ndogo. Na nyingi kati yake zinachelewa, siku 120 na zaidi, wakati zile ndogo ziko tayari kwenye siku 90 na kitu. Mlizing'oa siku moja?

#33 MwanaKatuba

Siku moja.

#34 KijanaWaUNILU

Basi huenda hazikuwa tupu, zilikuwa changa! Pasua ganda, tazama ukuta wake wa ndani. Ukiwa mweupe laini kama pamba, bado. Ukiwa na madoa ya kahawia ao mweusi, limekomaa. Ganda lililokomaa na ndani ni tupu, hilo ni la FundiUdongo. Ganda jeupe, umelitoa mimba.

#35 MzeeWaLikasi

Mfano huo ungeuacha, kijana. Lakini kipimo ni sahihi.

#36 BaKasumbalesa

Mie bado niko kwenye mfuko uliopasuka ndani ya kamyo. Mnaongea kalsiamu wakati pengine mtu amemwaga mchanga uliopakwa rangi.

#37 YayaWaBukavu

Mchanga haufungi mistari kwa majani ya kijani, ndugu. Kitu kilikuwemo, walau azoti.

#38 BaKasumbalesa

Ndiyo ninachosema! Urea inageuza majani kuwa kijani na haina fosforasi hata chembe. Mtu akichanganya urea na udongo, utaona kijani kilekile. Lete konzi moja tuitazame.

#39 MwanaKatuba

Haikubaki. Mifuko mama ameshaigeuza: mmoja anaanikia mihogo, wa pili umefunika makaa.

#40 NyotaYaKipushi

Samahani kuingilia, kuna mtu anajua bei ya meka ya kalanga sasa hivi soko la Mzee Kabila? Nataka kutengeneza siagi ya kalanga ya kuuza, lakini wanaoleta kutoka Kasai wanapandisha kila wiki.

#41 SombeNaKalanga

Ukinunua sasa utalia. Ngoja watu wa barabara ya Kasenga wavune. Isipokuwa MwanaKatuba, yeye atauza majani.

#42 MamaWaRwashi

Majani ya kalanga mbuzi anapenda. Hakuna kyenye kinapotea.

#43 MkongoNiamey

Mama, huku Niger majani makavu ya kalanga yanafungwa mafungu na kuuzwa sokoni kama chakula cha mifugo, na karibu na sikukuu ya kondoo bei inapanda sana. Kuna wanaolima wakiwa na hesabu ya majani kwanza. Kwa hiyo huku fosforasi ya MwanaKatuba ingehesabiwa kuwa imefaulu!

#44 MwanaKatuba

Nimerudi kutoka shambani. Nilikaa chini ya mwembe na ndoo tatu na mdogo wangu, tukahesabu. Mashina kumi kumi, sikuchagua mazuri, kila hatua ishirini nang'oa moja.

Upande wa mama, bila angre: maganda 143, matupu 29.
Upande wangu, na angre: maganda 218, matupu 127.

Ndoo ya tatu ni hii. Ndani ya upande wangu kuna kichuguu cha zamani kilichosawazishwa, baba alikivunja kwa matofali. Pale mashina ni mafupi kidogo lakini meusi kwa kijani. Nimeng'oa kumi: maganda 196, matupu 24. Na angre nilimwaga pale pia.

@KijanaWaUNILU nimepasua kuta. Katika yale matupu yangu 127, meupe ndani ni karibu nusu, yaliyobaki yana madoa ya kahawia. @FundiUdongo mbegu nimezipasua: upande wangu mche mweusi nimeupata kwenye nyingi, si zote. Kwa mama moja tu. @YayaWaBukavu vinundu vya upande wangu ni vidogo na vichache, kwa mama vimejaa na ndani ni vyekundu, nilipaka kidole.

#45 FundiUdongo

Umefanya kazi. Kichuguu kimesema: fosforasi ile ile, mvua ile ile, lakini kalsiamu ipo, na maganda yamejaa. Mimi nimemaliza.

#46 DodomaKavu

Hujamaliza. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi, unashika maji kuliko ule mwekundu. Wiki tatu zile za jua, pale palikuwa na unyevu. Ni maji hayo.

#47 MzeeWaLikasi

Na pale chuma ni kidogo kukamata fosforasi, maana asidi imepungua. Kwa hiyo inawezekana ni hapo tu ambapo fosforasi yake ilifika kwenye mmea. Kijana, huenda kichuguu ndicho kinachothibitisha fosforasi, badala ya kuikana.

#48 KijanaWaUNILU

Mzee!! Sikuwa nimeiona hivyo.

#49 YayaWaBukavu

Na vinundu? Azoti ya mfuko ndiyo iliyovifanya vivivu, mimi sitoki hapo. Msimu ujao aweke supafosfeti ya kawaida bila azoti, kwenye mfereji, mbegu moja pande zote.

#50 MkongoNiamey

Kama ataipata. Mara nyingi mfuko wenye azoti ndio ulio karibu, ndio maana watu wanaununua.

#51 MamaWaRwashi

Mie niko na ulizo moja. Pale pa kichuguu, nani alipanda?

#52 MwanaKatuba

Mama, nimempigia simu sasa hivi nikamuuliza. Kumbe pale alipanda yeye. Anasema siku ile nilikuwa mjini nimefuata mbegu za Zambia, mvua ikanyesha, hakuona sababu ya kuningoja. Alianzia kwenye kichuguu, kwa mbegu zake za kikapuni, siku kumi na moja kabla yangu. Mimi nilikuja na mbegu zangu nikapanda kuzunguka, nikidhani pale bado ni patupu.

#53 SombeNaKalanga

😂😂😂 Haki ya Mungu.

#54 FundiUdongo

Naomba nifute posti ya 45.

#55 DodomaKavu

Siku kumi na moja! Maganda yake yalikuwa yameshajaa jua lilipofika. Niliwaambia.

#56 KijanaWaUNILU

Na ni mbegu ndogo. Kwa hiyo kalsiamu, maji, mbegu na tarehe, vyote vimekaa kwenye ndoo moja.

#57 BaKasumbalesa

Na mfuko. Msisahau mfuko.

#58 MwanaKatuba

Mama anauliza ninaandikiana na nani usiku huu. Nimemwambia. Anasema msimu ujao angre niilete kama napenda, lakini niilete kabla ya mvua ya kwanza, na nianze kubeba udongo wa kile kichuguu kingine kilicho karibu na mto sasa hivi, wakati bado ni laini. Kuna mtu ana toroli la kukodisha upande wa Rwashi?